Ndugu au Jirani? Kesi ya Lugha za Altai na Funzo Lake Kwetu

Ugomvi wa nasaba si wa wanadamu peke yao. Lugha nazo hutafutiwa babu, zikaandikiwa shajara, na wakapatikana watu wa kuapa kwamba fulani ni wa ukoo wa fulani, na wengine wa kukana. Katika kesi zote za namna hiyo, ni chache zilizokaa barazani muda mrefu na kutoa maneno makali kama kesi ya lugha ziitwazo za Altai. Imesikizwa kwa karibu miaka 300, na hadi leo hukumu haijakubaliwa na wote. Nimeona niieleze hapa, kwani ndani yake limo jambo linalotuhusu sisi watu wa pwani na Kiswahili chetu.

Altai ni safu ya milima inayokutana Urusi, Mongolia, Uchina na Kazakhstan. Jina hilo wamelitwaa wataalamu wakayaita makundi matatu ya lugha. La kwanza ni la Kituruki: Kituruki chenyewe, Kiazeri, Kiturukimeni, Kiuzbeki, Kikazaki, Kikirigizi, Kitatari, Kiuighuri na nyinginezo, ambazo wasemaji wake wengi ni Waislamu. La pili ni la Kimongolia, lugha ya watu wa Genghis Khan. La tatu ni la Kitungusi, ambamo mna Kimanchu pamoja na lugha za wawindaji na wafugaji wa paa wa Siberia. Wako pia waliovuta kamba hadi Korea na Japani, wakasema na hao ni wa nyumba hiyo hiyo.

Swali ni hili: Je, makundi haya matatu, au matano, yalizaliwa na mama mmoja? Au ni majirani waliokaa mlango kwa mlango kwa maelfu ya miaka, wakaazimana maneno kama watu wanavyoazimana chumvi na moto?

Mwanachuoni wa Kashgar

Mtu wa kwanza tunayemjua kuwa alizilinganisha lugha za Kituruki kwa utaratibu wa kielimu hakuwa Mzungu. Alikuwa Mahmud al-Kashgari, Mwislamu wa Asia ya Kati, aliyeandika Baghdad katika miaka ya 1070 kitabu chake Diwan Lughat al-Turk na kukitunukia ukhalifa wa Bani Abbas. Alikusudia kuwafundisha Waarabu Kituruki, naye akayaeleza maneno kwa Kiarabu, kwa utaratibu wa sarufi aliousoma kwa Waarabu. Nakala moja tu ya kale imesalia, iliyonakiliwa mwaka 1266, nayo ikaibuka Istanbul mwanzoni mwa karne ya 20 na kupigwa chapa wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza.

Kashgari alizunguka katika makabila, akasikiliza. Akatambua kwamba pale ambapo baadhi yao huanza neno kwa sauti ya “y”, wengine huanza kwa “j” au huiacha kabisa. Hata sasa ni hivyo. Mturuki njia huiita yol, Mkazaki huiita jol. Mturuki saba ni yedi, kwa Mkazaki ni jeti. Nyota ni yıldız huku, na kule ni juldız.

Msomaji wa Lamu hapo atacheka, kwani jambo hilo analo nyumbani. Mwamu husema yana, yua na kuya, pale Mvita na Unguja wasemapo jana, jua na kuja. Na ukivuka ng'ambo ukaingia kwa Wagiriama, utasikia dzana, dzua na kudza. Hii si bahati nasibu. Ni kanuni, na hufuata neno baada ya neno. Kanuni ya namna hiyo ndiyo cheti cha kuzaliwa cha lugha. Maneno mawili kufanana si hoja. Hoja ni tofauti zao kwenda kwa mpango mmoja.

Hivyo basi, kwamba Kituruki, Kikazaki na Kiuighuri ni ndugu, hapana mwenye shaka. Vivyo hivyo lugha za Kimongolia zenyewe kwa zenyewe, na za Kitungusi zenyewe kwa zenyewe. Ugomvi unaanza pale zinapotaka kuunganishwa nyumba zote tatu chini ya paa moja.

Madai na hoja zake

Mwaka 1709 ofisa wa jeshi la Sweden, Philip Johan von Strahlenberg, alitekwa na Warusi katika vita vya Poltava, akapelekwa Siberia. Aliporejea kwao, alichapisha mwaka 1730 kitabu juu ya nchi hizo na mataifa yake, akizipanga lugha alizozikuta huko. Katika karne ya 19, Mfini Matthias Castrén akatembea Siberia na kuiunga Altai pamoja na Kifini na jamaa zake. Kisha akaja Mfini mwingine, Gustaf John Ramstedt, aliyekuwa pia mjumbe wa kwanza wa Finland nchini Japani. Huyu ndiye aliyelijenga dai la Altai kwa sarufi na msamiati, na baada yake Nicholas Poppe akaliendeleza.

Hoja yao ya kwanza ilikuwa umbo. Lugha zote hizi hupachika viungo nyuma ya mzizi, kimoja baada ya kingine. Mturuki ev ni nyumba, evler ni nyumba nyingi, evlerimiz ni nyumba zetu, evlerimizde ni katika nyumba zetu. Tena irabu zake husikizana kama sauti za waimbaji: nyumba nyingi ni evler, bali farasi wengi ni atlar, kwa kuwa “e” yataka “e” mwenziwe na “a” yataka “a”. Mongolia ni hivyo, na Siberia ni hivyo. Kitendo nacho huwekwa mwisho wa sentensi, hata Korea na Japani.

Hoja hii inapendeza, lakini haishiki maji. Sisi pia twapachika. Neno moja “sitakupikia” lina viungo vya kumtosha Mturuki, ingawa vyetu vingi hutangulia na vyake hufuata nyuma. Hakuna mwenye akili atakayesema Kiswahili na Kituruki ni ndugu kwa sababu hiyo. Na mapatano ya irabu yako Kifini na Kihungari pia. Watu wawili kuvaa kanzu hakuwafanyi kuwa wana wa baba mmoja.

Hoja ya pili ni maneno. Na hapa yataka hadhari zaidi. Tuseme mtu wa mbali, asiyejua habari zetu, akaketi na kamusi mbili, ya Kiswahili na ya Kituruki. Atakuta kitabu na kitap, saa na saat, dunia na dünya, habari na haber, hesabu na hesap, sabuni na sabun. Atakusanya mamia, na kwa furaha atatangaza ndugu wapya. Kumbe wote wawili wamepata kwa mtu wa tatu, yaani Mwarabu, naye si mzazi wa yeyote kati yao.

Sir Gerard Clauson, Mwingereza aliyekijua sana Kituruki cha kale, ndiye aliyelisimamia jambo hili katika miaka ya 1950. Aliuliza: Ikiwa ni ndugu, yako wapi maneno ya kila siku? Tuhesabu. Mturuki: bir, iki, üç. Mmongolia: neg, hoyor, gurav. Mmanchu: emu, juwe, ilan. Ila nne zinakaribiana kidogo, dört, döröv na duin, zilizobaki kila mtu na zake. Tutaje viungo na vitu vya maisha. Maji: su, us, muke. Jicho: göz, nüd, yasa. Damu: kan, tsus, senggi. Samaki: balık, zagas, nimaha.

Watetezi wa Altai hujibu kwamba hesabu na majina huweza kubadilishwa. Kweli, na sisi ni mashahidi. Sita, saba na tisa tumezipata kwa Waarabu. Damu na samaki kadhalika. Lakini tazama: tulipozitwaa hizo, zile nyingine hazikuondoka. Mbili, tatu, nne, tano, nane na kumi zimekaa pale pale, na sarufi yote ya ngeli imekaa. Lugha ikiazima, huwa na alama ya pale ilipotiwa kiraka. Altai yaelekea viraka ndivyo vinavyofanana, na nguo yenyewe ni mbalimbali.

Nisiwadhulumu. Wana hoja moja nzito, nayo ni ya viwakilishi. “Mimi” na “wewe” kwa Mturuki ni ben na sen, kwa Mmongolia bi na chi, kwa Mmanchu bi na si. Maneno haya hayaazimwi kwa urahisi. Lakini Mfini naye asema minä na sinä. Vijineno vya silabi moja au mbili ni ushahidi wa kusikilizwa, lakini si wa kumfunga mtu.

Ng'ombe na mapacha

Mwenye kutaka kuona undugu wa kweli ulivyo, na atazame magharibi kidogo ya hapo, kwa Wahungari na Wafini. Watu hawa wako mbali, wala hawasikilizani hata neno. Lakini mkono kwa Mhungari ni kéz, kwa Mfini ni käsi. Damu ni vér na veri. Maji ni víz na vesi. Samaki ni hal na kala. Maneno ya mwili na ya maisha, na tofauti zake zafuata kanuni. János Sajnovics alilisema mwaka 1770 na Sámuel Gyarmathi akalithibitisha mwaka 1799, na leo ni jambo lililokwisha.

Na Wahungari hao hao ndio wanaotupa ufunguo wa kesi ya Altai. Katika lugha yao mmejaa maneno ya Kituruki, hasa ya mifugo na mazao: alma ni tofaa, árpa ni shayiri. Twajua waliyaazima, kwa sababu nasaba yao imethibiti kwingine. Sasa chukua neno la maksai. Mturuki husema öküz, kwa “z”. Mhungari husema ökör, kwa “r”. Pacha ni ikiz kwa Mturuki, na iker kwa Mhungari. Hiyo “r” imetoka wapi? Imetoka kwa tawi la kale la Kituruki ambalo leo limesalia kwa Wachuvash wa mto Volga peke yao: msichana kwa Mturuki ni kız, kwa Mchuvash ni hĕr. Wahungari waliwahi kuwa jirani wa tawi hilo, wakaazima kwao.

Haya, nenda Mongolia. Ng'ombe kwa Kimongolia cha kale ni üker. Pacha ni ihir. Kwa “r”! Watetezi wa Altai husema hii ndiyo alama ya babu wa kale aliyewazaa Waturuki na Wamongolia. Lakini ikiwa Mhungari, ambaye si ndugu, ana “r” ile ile kwa sababu ya ujirani, kwa nini Mmongolia asiwe ameipata kwa njia hiyo hiyo? Gerhard Doerfer, Mjerumani, akaongeza jingine: maneno yaliyo sawa baina ya Kituruki na Kimongolia ni mengi, baina ya Kimongolia na Kitungusi ni mengi pia, bali baina ya Kituruki na Kitungusi ni machache, na mengi ya hayo yamepita Mongolia kwanza. Ndugu hawagawani urithi namna hiyo. Hivyo ndivyo bidhaa ipitavyo, kutoka duka hadi duka.

Mwaka 2003 Warusi watatu, Starostin, Dybo na Mudrak, walitoa kamusi ya majuzuu matatu ya asili ya lugha za Altai. Miaka miwili baadaye Alexander Vovin, ambaye zamani alikuwa upande wao, akaiandikia makala kali ya kuipinga. Mwaka 2021 Martine Robbeets na wenziwe wakarudi na dai jipya: kwamba lugha zote tano, pamoja na Kikorea na Kijapani, zilitoka kwa wakulima wa nafaka ndogo za jamii ya mawele, waliokaa bonde la mto Liao, Uchina ya kaskazini-mashariki, miaka 9,000 iliyopita. Nayo haikukawia kupingwa. Mimi si hakimu wa kesi hii. Ni mshairi aliyezoea kupima maneno. Lakini kwa mizani yangu, ushahidi wa ujirani unazidi ushahidi wa udugu.

Nasaba na siasa

Kwa nini basi watu wasiridhike? Kwa sababu nasaba ya lugha haikuachiwa wanachuoni. Huko Hungary, katika miaka ya 1870 na 1880, Ármin Vámbéry na József Budenz walipambana juu ya nani ndugu wa Wahungari, na umma ukaingia. Wengi waliona ni fahari zaidi kuwa jamaa wa Waturuki wapanda farasi kuliko kuwa jamaa wa wavuvi wa kaskazini. Japani ilipoitwaa Korea mwaka 1910, ule usemi kwamba watu wa nchi hizo mbili wana asili moja, na lugha zao asili moja, ulitumiwa kuhalalisha utawala uliodumu hadi 1945. Udugu ukawa kamba ya kumfungia mtu.

Uturuki nayo ina habari yake. Tarehe 1 Novemba 1928 ilipitishwa sheria ya kuacha hati za Kiarabu na kushika za Kilatini. Mwaka 1932 kikaundwa chama cha lugha, na kazi ya kuyang'oa maneno ya Kiarabu na Kiajemi ikaanza. Shule iliyokuwa mektep ikawa okul. Mwaka 1936 ikatangazwa nadharia kwamba lugha zote za dunia zimetokana na Kituruki, nadharia iliyozimika baada ya Atatürk kufariki mwaka 1938. Na matokeo? Hotuba ndefu ya Atatürk mwenyewe, aliyoitoa kwa siku sita mwaka 1927, ilibidi baadaye iandikwe upya kwa Kituruki kipya ili vijana wa Kituruki waielewe. Mjukuu anahitaji mkalimani kwa babu yake! Na pamoja na hayo yote, kitap, saat na kalem yamebaki midomoni mwao, kwani watu waliyapenda.

Tujitazame

Sasa natia nanga nyumbani. Maneno ya Altai yametufikia hata sisi. Mturuki Mir Ali Bey alifika Mombasa na majahazi yake kabla Wareno hawajamkamata mwaka 1589, lakini maneno yenyewe yalikuja zaidi kwa njia ya bunduki. Wajerumani na Waingereza walipowachukua askari wa Kisudani waliotumikia jeshi la Misri, mwishoni mwa karne ya 19, vyeo vya Kituruki viliingia nao. Ombasha ni on, kumi, na bash, kichwa: mkuu wa watu kumi. Shaushi ni çavuş. Na “afande”, tunayomwitia kila mwenye sare, ni efendi ya Waturuki, ambao nao waliipata kwa Wagiriki. Je, kwa hayo polisi wetu ni jamaa wa Genghis Khan?

Twacheka, lakini pwani yetu ina makosa mawili ya namna hiyo hiyo. La kwanza ni la wale wanaoshikilia kwamba Kiswahili ni Kiarabu kilichochakaa, kwa kuwa kina maneno mengi ya Kiarabu. Hawa wameona viraka, hawakuona nguo. Jana, yana, dzana. Jua, yua, dzua: hizo ndizo shajara zetu. Nchi kwa Mmijikenda ni tsi, macho ni matso, chini ni tsini, na kanuni haikosi. Ndugu wa tumbo moja wa Kiswahili ni lugha za Mijikenda, Kipokomo na Kingazija. Wako miongoni mwetu ambao kwa miaka mingi wamemdharau Mgiriama anayeleta mnazi mlangoni, wakajitafutia jamaa ng'ambo ya bahari. Lugha wanayoitumia kumdharau ndiyo inayowashuhudia kuwa ni ndugu yake. Wahenga walisema, mkana kwao mtumwa.

La pili ni la wale wanaotaka tuyatupe maneno ya Kiarabu kwa kuwa ni ya kigeni, ati Kiswahili kitakate. Hao nao na watazame Uturuki. Ukiyang'oa maneno ya dini, ya sheria, ya biashara na ya ushairi, utakuwa umefunga mlango wa nyumba ya babu ukatupa ufunguo baharini. Tumekwisha kupoteza kiasi cha kutosha: tenzi za Lamu, Pate na Mvita zimeandikwa kwa hati za Kiarabu, na vijana wetu wengi waliosoma hadi vyuo vikuu hawawezi kusoma ukurasa mmoja. Tusiongeze msiba wa maneno juu ya msiba wa hati.

Wala lugha si damu. Wengi wanaosema Kituruki Anatolia leo ni vizazi vya watu waliokuwako kabla Waturuki hawajafika huko katika karne ya 11. Wamanchu waliitawala Uchina kutoka 1644 hadi 1912, na leo wanaojua kusema Kimanchu ni wachache mno. Mtu aweza kuwa na babu wa Hadhramaut na lugha ya Kibantu, na asione aibu kwa hili wala kwa lile. Sura ya Rum inatufundisha kwamba kutofautiana kwa ndimi ni katika ishara za Mwenyezi Mungu kwa wenye elimu. Ishara ni ya kutafakariwa. Si ngazi ya kumpandia mwenzio kichwani.

Ndugu na aitwe ndugu, jirani na aitwe jirani, na kila mmoja apewe haki yake. Aliyetuzaa tusimkane, na aliyetupa zawadi tusimrudishie. Wazazi na waulize watoto wao maneno ya Kigiriama wanayoyajua, na walimu wa vyuoni wawafundishe hati za kale pamoja na alifu kwa ujiti. Kazi hiyo haihitaji kamusi ya majuzuu matatu. Yahitaji nia tu.